Bareti ya memwari: soma namba kwanza, njo utoe feza

Mutoto wa dada yangu anasoma ku Lubumbashi. Mwezi uliopita alinipigia simu: mashini yake ya kubeba imekuwa nzito, akifungua kazi mbili kwa mara moja inakwama. Baba yake, anayechimba ku Kolwezi, akatuma feza ya juma nzima ya kazi, na miye nikaenda kununua bareti ya memwari. Muuzaji akaniambia: « Papa, chukua hii, njo ya mupya kabisa, iko na vitesi 4800. » Nikachukua. Tulipofungua mashini ku nyumba, bareti ikakataa kuingia. Haikuwa mbovu. Ilikuwa ya aina ingine, na ku duka hawakukubali kuirudisha.

Watu wengi tunachanganya mambo mawili: aina na vitesi. Aina njo inaamua kama bareti itaingia. Vitesi inasema tu itakimbia namna gani kisha kuingia.

Aina zinaitwa DDR, na namba inafuata. DDR3 ilitoka mwaka 2007, kanuni za DDR4 zikatangazwa 2012, za DDR5 mwaka 2020. DDR3 ya kawaida inataka umeme wa volti 1,5, DDR4 volti 1,2, DDR5 volti 1,1. Kati ya meno yake ya rangi ya zahabu, kila bareti iko na kapengo kadogo, na kila aina kapengo kake kako mahali pengine. Waliweka vile makusudi, mutu asikosee. Mu kompyuta za meza, DDR4 na DDR5 zote ziko na meno 288, kwa macho utasema ni mapacha, lakini haziingiliane. Za mashini za kubeba ni fupi: DDR3 meno 204, DDR4 260, DDR5 262. Ikikataa, usisukume kwa nguvu, utavunja mahali pa kuingilia.

Ile zahabu ya meno ni zahabu ya kweli, ngozi nyembamba tu. Na bati inayoshikisha vipande ku ubao inatoka mu kasiterite, jiwe ambalo ndugu zetu wa Kivu na Manono wanalijua kwa mikono. Linatoka kwetu kwa kilo, linaturudilia kwa bei ingine.

Sasa vitesi. DDR4-3200 maana yake inapeleka data mara milioni 3200 kwa sekunde. Ku bareti ingine utaona wameandika PC4-25600. Ni kitu kimoja: 3200 mara 8, njo 25600. Kwa hiyo muuzaji akikuambia ya 25600 inashinda ya 3200, anakuuzia jina. Na programu ikikuonyesha 1600, usiseme wamekuibia: kwa kila pigo moja la saa yake, memwari inapeleka data mara mbili.

Mchimbaji ataelewa haraka. Vitesi ni hesabu ya mifuko inayopanda kutoka mu shimo kwa saa moja. Lakini kuko pia muda wa kungojea, tangu uite kule chini mpaka mufuko wa kwanza uonekane. Muda ule unahesabiwa na namba ya CL. DDR4-3200 ya CL16 inangojesha nanosekunde 10. DDR5-4800 ya CL40 inangojesha karibu 16,7. Mupya inatoa mifuko mingi zaidi, ila ule wa kwanza unakawia. Ukipata DDR5-6000 ya CL30, unarudi ku 10, lakini bei pia inapanda.

Ukichanganya bareti mbili za DDR4, moja ya 2400 na moja ya 3200, kwa kawaida zote zitatembea ku 2400, sawa na kubeba mufuko na mutu mwenye kuchoka. Mashini yenyewe pia iko na mwisho wake. Kama mwisho ni 2666, ile 3200 uliyolipia hutaiona.

Kwa mutoto wetu shida haikuwa hata vitesi. Mashini ilikuwa na giga 4 tu. Memwari ikijaa, mashini inaanza kuweka vitu ku diski, na diski ni polepole sana. Alihitaji nafasi. Na tangu mwaka 2025 bei ya memwari imepanda mu dunia, viwanda vikikimbilia mashini kubwa za akili bandia, kwa hiyo kukosea kunauma zaidi.

Kama Windows yako iko mu Kifaransa, bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa mara moja, ingia mu Performances, kisha Mémoire. Utaona vitesi na hesabu ya mahali pa kuingilia. Halafu zima mashini, toa bareti ya zamani, uende nayo ku duka mu mufuko. Angalia mbele ya kulipa kama iko ya kutoa: mu mashini zingine nyembamba memwari imeshikishwa ku ubao moja kwa moja, hakuna mahali pa kuongeza.

Tulipata DDR4-2400 ya giga 8, ya mukono wa pili, na ikaingia bila matata. Ile ya 4800 iko bado mu kabati yangu, mu karatasi yake. Mwenye mashini ya kubeba ya DDR5 akiitaka, tutasikilizana bei.