Faida Iko Ghalani, Deni Liko Mlangoni

Mfanyabiashara wa mazao mjini Babati akikuambia amepata faida ya shilingi milioni 4 msimu huu, usimpongeze kabla hujamuuliza: iko wapi? Swali hilo ndilo mlango wa kuingilia kwenye taarifa za fedha, ziwe za duka, SACCOS au benki.

Tuchukue mfano wa mbaazi. Mtu ana mtaji wa milioni 20, anakopa milioni 12. Ananunua magunia 200 kwa shilingi 150,000 kila moja, jumla milioni 30. Usafiri, vibarua na ghala vinakula milioni 2. Anauza magunia 120 kwa shilingi 200,000. Mauzo ni milioni 24, lakini mnunuzi analipa 9 taslimu, 15 anaomba asubiriwe. Riba na kodi tuziweke kando.

Taarifa ya mapato na matumizi inatoa kwenye mauzo gharama ya magunia yaliyouzwa, milioni 18, kisha matumizi, milioni 2. Faida: milioni 4. Haiulizi kama mnunuzi ameshalipa; mzigo ukishakabidhiwa, mauzo yameandikwa.

Mizania ni picha ya siku moja. Taslimu milioni 9, wadaiwa 15, magunia 80 yaliyobaki 12: jumla 36. Upande wa pili, mkopo 12, mtaji pamoja na faida 24. Pande mbili zisipolingana, kuna kosa.

Mtiririko wa fedha ndio unaoumbua. Zimeingia milioni 9 za mauzo, zimetoka 32. Shughuli za biashara zimemeza milioni 23 zaidi ya zilichorudisha. Mkopo ukiiva kesho, deni ni 12 na mkononi kuna 9. Faida anayo; cha kulipia hana.

Bado magunia 80. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingizwa nchini humo, na bei ikaporomoka huku kwetu. Wakulima na wanunuzi wa Babati hawajasahau. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia mwaka 2004, vinataka mzigo uandikwe kwa gharama yake au kwa kiasi utakachokuachia ukiuzwa, kipi ni kidogo. Gunia likibaki la shilingi 90,000, yale 80 yana thamani ya milioni 7.2, si 12. Hasara ya milioni 4.8 inafuta faida yote na kuacha pengo la shilingi 800,000. Hakuna gunia lililoibiwa wala kuliwa na panya.

Kwa hiyo, ukipewa kabrasha la hesabu kwenye mkutano mkuu wa SACCOS yako, usikimbilie mstari wa ziada na gawio. Katika SACCOS, wadaiwa ni wanachama wenzako. Fungua maelezo ya hesabu, utazame mikopo iliyochelewa kurejeshwa na kiasi kilichotengwa kufidia isiyolipika. Linganisha na mwaka uliopita: mikopo mibovu ikipanda huku kilichotengwa kikibaki palepale, ziada hiyo ina walakini. Soma pia maoni ya mkaguzi, ukikumbuka kuwa hati safi huthibitisha kwamba hesabu zinaonyesha hali halisi. Kama hali halisi yenyewe ni mbaya, hati itakuwa safi na chama kitakuwa taabani.