Mwanao Akikamatwa, Uliza Maandishi



Usiku wa kuamkia Jumamosi moja, baada ya swala ya Isha, mama mmoja wa hapa kwetu Gede alinibishia hodi. Kijana wake alikuwa amechukuliwa na gari la polisi karibu na stendi ya matatu, wakati wa Magharibi, pamoja na vijana wenzake. Mama alikuwa ameshakwenda kituo kimoja cha polisi, na askari wa kaunta akamjibu neno moja tu: "Hayumo." Akarudi nyumbani, akalia, kisha akaja kwangu. "Sheikh," akaniambia, "nisomee dua mwanangu aonekane."

Nilimwambia dua tutaisoma, na kwamba asubuhi tutaisoma tukiwa njiani.

Siku ile ndiyo iliyonifunza kuwa wengi wetu, waume kwa wake, hatujui jambo moja jepesi. Serikali inapomshika mtu, inalazimika kuandika. Na kilichoandikwa kina njia ya kuulizwa. Leo napenda kuwaeleza mama zangu na dada zangu njia hiyo, kwani mtoto akikamatwa, anayetangulia kufika mlango wa kituo mara nyingi ni mama.

Maandishi yako wapi?

Kuna jamaa zetu walioko Marekani ambao husema kuwa huko, katika kaunti nyingi, mtu hufungua intaneti akaona orodha ya waliokamatwa jana, majina yao na hata picha zao. Hapa kwetu sivyo. Polisi wa Kenya ni wa taifa, si wa kaunti, wala serikali ya Kaunti ya Kilifi haina daftari la waliokamatwa. Ukienda kuuliza katika ofisi za gavana, utakuwa umepoteza nauli.

Maandishi ya kwanza yako kituoni. Kila kituo kina kitabu cha matukio, ambacho watu wote hukiita OB. Humo huandikwa kila linalotokea, kwa tarehe, saa na namba. Aidha, sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inataka kila kituo kiwe na rejista ya walioshikwa, yenye mambo haya: sababu ya kukamatwa, siku na saa ya kukamatwa na ya kufikishwa korokoroni, siku ya kwanza ya kufikishwa mahakamani, askari waliohusika, na mahali hasa mtu alipowekwa. Sheria hiyo hiyo inampa aliyeshikwa haki ya kuijulisha familia yake kuwa ameshikwa na yuko wapi.

Maandishi ya pili yako mahakamani. Aliyeshtakiwa hufunguliwa faili yenye namba, na faili hiyo iko kwa karani wa mahakama, iwe ni Malindi au Kilifi. Kesi husikizwa mbele ya watu, isipokuwa zile ambazo sheria inazisitiri, kama kesi za watoto. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu huchapishwa na kusomeka bure katika tovuti ya Kenya Law.

Namna ya kuuliza

Asubuhi ya Jumamosi tulirudi katika kituo kile cha kwanza. Safari hii hatukuuliza "Je, yumo?" Tuliomba kwa adabu tutazamiwe katika OB walioingizwa tangu Magharibi ya jana. Askari akapitisha kidole, akasema hamna jina hilo. Na kweli halikuwamo.

Tukaenda kituo cha pili. Huko nako jina halikuonekana, mpaka nilipomgeukia mama nikamuuliza, "Mwanao ana majina mangapi?" Ndugu msomaji, wajua hali yetu. Nyumbani kijana huitwa kwa jina la babu yake wa Kigiriama, madrasani kwa jina la Kiislamu, na katika cheti cha shule ana jina la tatu. Tulipolitaja la shule, tukampata. Basi mama, unapokwenda kituoni, nenda na majina yake yote, namba ya kitambulisho kama anacho, mahali aliposhikiwa, saa, na nguo alizovaa.

Tulipompata tukaona jingine. Aliandikwa ana miaka 19, naye ana 17. Mama akafungua mkoba wake, akatoa cheti cha kuzaliwa kilichokuwa kimefungwa katika mfuko wa nailoni. Kosa kama hilo si dogo. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila iwe ni hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na awekwe mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema kuwa aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa kuwa na jinai. Askari hakufuta alichoandika, maana OB haifutwi. Aliingiza maelezo mapya, nasi tukapewa namba yake. Kijana akatolewa katika chumba cha watu wazima.

Jambo hili nataka mlishike. Kama mama yule angalikaa nyumbani akingojea habari, mwanawe angalilala usiku mwingine pamoja na wazee waliomzidi umri mara mbili, na Jumatatu angalisimama kizimbani akiwa ni mtu mzima wa karatasi.

Saa 24 na siku ya Ijumaa

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoifahamu. Ana haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na asilazimishwe kukiri. Naye afikishwe mahakamani si zaidi ya saa 24 baada ya kukamatwa.

Hapa wengi hukosea hesabu. Saa 24 zikimalizikia siku isiyo ya mahakama, muda husogea mpaka mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kijana wetu alishikwa Ijumaa jioni, na saa 24 zake zikaisha Jumamosi jioni, hivyo kufikishwa Jumatatu hakukuvunja sheria. Lakini Jumatatu ikipita bila ya yeye kuonekana mahakamani, hapo pana neno la kuuliza.

Tena, kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimweki mtu rumande. Na dhamana ya polisi ya kutia saini tu haina malipo. Ikiwa mmetakiwa dhamana ya fedha, ni lazima mpewe risiti, na fedha hizo hurudishwa kesi ikimalizika iwapo mshtakiwa alihudhuria inavyotakiwa. Fedha isiyo na risiti si dhamana. Tuiite kwa jina lake, ni rushwa, na mwenye kuitoa na mwenye kuipokea wote wamo hatarini mbele ya Mola wao.

Wakikataa kujibu

Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaeleza namna yake. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumsaidia. Hakuna ada ya kupeleka ombi, na kinacholipiwa ni gharama ya kutoa nakala tu. Jibu la kawaida hutolewa ndani ya siku 21, lakini ikiwa habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu, sheria inataka lijibiwe ndani ya saa 48.

Basi andika barua fupi kwa mkuu wa kituo. Taja jina lako na namba yako ya simu, majina ya aliyeshikwa, siku, saa na mahali. Omba kuambiwa kama yumo, namba yake ya OB, sababu ya kukamatwa, na siku atakayofikishwa mahakamani. Malizia kwa kusema kuwa habari hii inahusu uhuru wa mtu. Peleka nakala mbili, moja waiache kwao, na moja wakupigie muhuri urudi nayo. Wakikaa kimya au wakikataa, unaweza kulipeleka jambo hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman, ndani ya siku 30. Malalamiko juu ya mwenendo wa askari hupelekwa kwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Na Mombasa ziko jumuiya za haki kama MUHURI na HAKI Africa, ambazo zimesimama na familia nyingi za Pwani.

Ikiwa mtu ameonekana akichukuliwa na kila kituo kinamkana, usingoje siku 21. Muone wakili, aende Mahakama Kuu ya Malindi kuomba amri ya kumleta mtu huyo mbele ya jaji. Haki ya amri hiyo Katiba imeiweka miongoni mwa zile zisizopunguzwa kwa hali yoyote.

Sisemi haya kwa kutia hofu. Mwezi Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri walichukuliwa wakitoka mahakama ya Mavoko. Walizuiliwa katika kambi ya polisi ya Syokimau, bila ya kuandikwa popote. Wakili yule aliandika ujumbe katika kipande cha karatasi akautupa nje, na mpita njia akauokota. Maiti zao zilipatikana katika mto Athi, upande wa Ol Donyo Sabuk. Maji ya mto huo ndiyo yanayotufikia sisi huku kwa jina la Sabaki. Askari watatu na mtu mmoja aliyekuwa mpasha habari wao walipatikana na hatia mwaka 2022 na kuhukumiwa mwaka 2023. Korokoro isiyo na kitabu ndiyo ya kuogopwa. Mama anayeuliza OB usiku ule ule analazimisha kalamu ishikwe.

Adabu ya kutafuta

Sasa upande wa pili, nao ni wa dini yetu. Mlango huu wa kuuliza hatukufunguliwa ili tupeleleze aibu za watu. Qurani katika Suratul Hujurat imetukataza kupekua siri na kusengenya, na sura hiyo hiyo ikatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifuata. Kukamatwa si kuhukumiwa, na kwa Katiba mtu hana hatia mpaka ithibitike. Mwenye kupiga picha ya jina la kijana katika hati ya mashtaka akaitia katika kundi la WhatsApp la mtaa amemvunjia mtu heshima yake, na kesho shauri hilo likifutwa, picha haifutiki. Ndiyo maana sikulitaja shtaka la kijana wetu, na sitalitaja.

Wazazi huniuliza pia kuhusu posa: "Sheikh, tutajuaje kama mchumba huyu hana jinai?" Nakala ya rekodi ya mtu mwingine hupewi, kwani sheria inalinda faragha. Lakini si aibu kumwomba mwenyewe alete cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi ya DCI. Huomba yeye mwenyewe kupitia eCitizen na kupigwa alama za vidole. Ikiwa makosa yapo na ametubia, mwacheni aseme mwenyewe, nanyi mpime kwa insafu. Mlango wa toba haukufungwa na Mwenyezi Mungu, tusiufunge sisi.

Kalamu ni amana

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyo katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni. Ikiwa Mola wetu ametutaka tuandike deni liwe dogo au kubwa, basi mwili wa mtoto wa Adamu uliotiwa kufuli unastahiki zaidi kuandikwa.

Nasi Gede tuna mfano mlangoni petu. Ule mji wa magofu, wenye msikiti mkuu na jumba la kifalme, haukuacha kitabu cha habari zake. Lakini liko kaburi moja lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na mpaka leo wataalamu hulishika kaburi hilo katika kuhesabu umri wa mji. Tarehe moja iliyoandikwa imeushuhudia mji mzima.

Jumatatu ile hakimu alitazama cheti cha kuzaliwa, akasoma maelezo yaliyoingizwa Jumamosi, akaamuru shauri liendeshwe kama la mtoto na kijana akabidhiwe mama yake. Adhuhuri tulikuwa tumerudi. Mama akaniuliza sadaka atoe nini. Nikamwambia awafundishe majirani zake kuuliza namba ya OB.

Basi nyote wekeni vyeti vya watoto mahali mtakapoviona hata usiku, na muwafundishe watoto kutaja jina lao kamili na namba ya simu ya nyumbani. Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, awafariji mama ambao hadi leo hawajui watoto wao waliko, na awatie hofu yake walioshika kalamu na funguo. Amin.

Wabillahi tawfiq.