Baada ya Moto wa Nyika, Fedha Hutoka Wapi?

Tarehe 8 Agosti 2023, moto wa nyika uliochochewa na upepo mkali uliteketeza mji wa Lahaina kisiwani Maui, Hawaii. Watu 102 walipoteza maisha na majengo zaidi ya 2,000 yakaungua. Walionusurika walisaidiwa na mifuko mbalimbali, kila mmoja na masharti yake.

Mwenye bima huanzia kwenye bima. FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia majanga, halilipii hasara ambayo bima imekwisha kuilipia. Huziba pengo tu. Ndiyo maana hudai barua ya kampuni ya bima inayoonyesha kilicholipwa na kilichokataliwa. Hapo ndipo wengi hukwama. Jibu la FEMA likisema hustahili, mara nyingi ni karatasi tu iliyokosekana, na una siku 60 za kukata rufaa tangu tarehe ya barua. Inauma kuona familia ikiitupa barua hiyo kwa kudhani mambo yamekwisha.

Kwa mahitaji ya haraka, kaya zilizostahili Maui zilipewa na FEMA dola 700. Hiyo ni ruzuku, hairudishwi. SBA, japo ni shirika la serikali kuu la kusaidia wafanyabiashara wadogo, hukopesha pia mwenye nyumba hadi dola 500,000 za ujenzi, na hata mpangaji hadi dola 100,000 za vyombo. Huo ni mkopo wenye riba. Usiusaini ukidhani ni zawadi.

Mpangaji ndiye husahaulika zaidi. Kwa hiyo nausifu mfuko ulioanzishwa na mtangazaji Oprah Winfrey na mwigizaji Dwayne Johnson kwa dola milioni 10: kila mtu mzima aliyepoteza makazi, awe mwenye nyumba au mpangaji, alipewa dola 1,200 kwa mwezi, atumie aonavyo.

Msalaba Mwekundu hutoa malazi na chakula bila kuuliza uraia. FEMA huuliza, ila wakimbizi waliopokewa kisheria, wakiwamo Wakongomani wengi wazungumzao Kiswahili, wanastahili. Mzazi asiye na hati aliweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake aliye raia.

Ndugu msomaji uliye Marekani, yakikufika omba mkalimani, ni bure. Fomu ya FEMA nayo ni bure. Anayekudai ada ya kukujazia kwa jina la FEMA ni tapeli, usimpe hata senti.