Simu zikizimwa Kandahar, nyumbani roho juu!

MSOMAJI wangu, ukiambiwa fulani yuko vitani, picha inayokujia ni ya mtu kalala kifudifudi handakini, uso kaupaka masizi. Basi sikia ya Kandahar, kule Afghanistan. Huko askari alikuwa anapanga foleni ya kahawa na donati, bunduki ikining'inia begani, kama yuko mjini kwao!

Si utani. Kambi ya uwanja wa ndege wa Kandahar, ambayo Wamarekani waliingia Desemba 2001, iligeuka mji mzima. Vita vilipopamba moto mwaka 2010 ilikuwa na watu zaidi ya 20,000. Katikati palikuwa na njia pana ya mbao yenye umbo la mraba, maduka yameizunguka. Wakanada walileta mgahawa wa kwao, Tim Hortons, ukauza kahawa tangu 2006 hadi 2011. Wakajenga na kiwanja cha mpira wa magongo, ule ambao kwao huchezwa juu ya barafu. Barafu Kandahar utaitoa wapi, na kiangazi joto linapita nyuzi 40? Wakacheza kavu kavu hivyo hivyo.

Unasema wanastarehe? Ngoja kwanza. Humo humo kambini mlikuwa na bwawa kubwa la majitaka ya vyoo. Upepo ukigeuka, hata kahawa unaiona chungu. Vumbi nalo laini kama unga wa ngano, linaingia kwenye shuka mpaka masikioni. Kwa Mmarekani pombe ni marufuku. Na wengi kati ya wale askari, wakiwemo mafundi na makarani, hawakutoka nje ya uzio mara kwa mara. Ni kuamka, mesi, kazi, mesi, kulala. Jumatatu na Jumapili hazina tofauti.

Mara king'ora! Roketi hiyo inakuja. Amri ni moja: lala chini dakika mbili, kisha kimbilia banda la zege, ungoje mpaka itangazwe kuwa shwari. Kisha kila mtu anajikung'uta vumbi na kurudi kwenye foleni yake.

Lakini kilichowakondesha watu hasa ni simu.

Hebu fikiria. Mume yuko Kandahar, mke yuko Toronto. Huku saa 2 usiku, kule ni saa 5 na nusu asubuhi. Wanaongea habari za ada, gari bovu, mtoto kang'oka jino. King'ora kikilia katikati ya mazungumzo, mume atasema nini? "Nitakupigia baadaye, mama watoto, kuna kazi imeingia." Uongo wa mapenzi huo!

Sasa kuna siku simu hazipigi kabisa, wala intaneti haipo. Si mtambo umeharibika. Askari akiuawa, wakubwa walikuwa wanafunga mawasiliano yote ya kambi mpaka ndugu wa marehemu wapewe habari rasmi, wasije wakaisikia mtaani. Nia ni njema. Lakini kule nyumbani wake na wazazi wakaja kuielewa maana ya kimya kile: kuna mmoja amekwenda. Nani? Basi unakaa na simu mapajani, unachungulia dirishani usije ukaona gari la jeshi linasimama mlangoni. Simu ikilia na sauti ikawa ya mtu wako, unafurahi, halafu unaona haya, maana mlango wa mwenzako umegongwa.

Wakati huo kambini askari wanajipanga mistari uwanjani, jeneza linapitishwa katikati kuelekea kwenye ndege. Kanada ilipoteza askari 158 katika vita ile.

Wakanada walimaliza mapigano Kandahar mwaka 2011. Kambi ilikabidhiwa kwa Waafghanistan Mei 2021, na Agosti mwaka huo huo Taliban wakauchukua mji.

Kwa hiyo, dada yangu au kaka yangu, kama mtu wako yuko kazini mbali namna hiyo, akikupigia kuuliza tu kama gari limetengenezwa, usinune eti kakosa maneno matamu. Mjibu mpaka bei ya vipuri. Maneno yenyewe ndiyo hayo!