Kutua Mwanza hakuongezi kilomita, kunaongeza saa

Mfanyabiashara wa Chonyonyo anayekwenda Dubai kufuata bidhaa huhesabu safari yake kuanzia Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko inakoondokea ndege kubwa. Hesabu hiyo humpunja, maana kufika Dar kwenyewe kunamla muda unaokaribia ule wa kutoka Dar hadi Dubai.

Umbali wa anga hupimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, si kwa kona za barabara. Kutoka uwanja wa Bukoba, anakopandia ndege, hadi wa Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,025. Sasa pima Bukoba hadi Mwanza, kama 175, kisha Mwanza hadi Dar, kama 850. Jumla ni karibu ileile. Tofauti haifiki hata kilomita 5, kwa sababu Mwanza imekaa karibu kabisa na njia ya Bukoba–Dar. Hata hivyo, ndege inayotua Mwanza hufika Dar baadaye sana kuliko inayopitiliza.

Ndege ya mapangaboi aina ya ATR hukata kilomita 500 hivi kwa saa ikishatulia angani. Inapotambaa uwanjani, inapopanda na inaposhuka, kasi hiyo haipo. Weka nusu saa kwa kila mruko, uwe mrefu au mfupi. Bukoba–Dar bila kutua ni saa 2 na nusu basi. Ukitua Mwanza, ongeza nusu saa nyingine, na nusu saa ya kushusha na kupakia abiria: saa 3 na nusu.

Dar–Dubai ni takriban kilomita 4,000. Jeti inayokwenda kilomita 850 kwa saa huzimaliza kwa saa 4 na dakika 42. Ukiongeza nusu saa yetu, ni kama saa 5 na robo. Jumlisha saa 3 za kuripoti mapema uwanjani, inakuwa saa 8 na robo. Upande wa pili, Chonyonyo hadi Bukoba kwa barabara ya Kyaka ni saa 2 na zaidi, kuripoti saa 1 na nusu, kisha ndege inayotua Mwanza: saa 7. Umbali wa anga ni karibu mara nne, muda haukuzidi hata robo.

Tiketi nayo ina mtego wake, maana huandika saa za kila mji. Ukiondoka Dar 16:30 na kufika Dubai 22:45, utadhani umeruka saa 6 na robo. Ni 5 na robo, kwani Dubai iko mbele yetu kwa saa 1. Wakati wa kurudi, safari ileile itaonekana fupi. Na 07:00 ni saa 1 asubuhi: anayeisoma kuwa saa 7 mchana atakuta ndege ilishaondoka.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia tiketi, uliza kwanza ndege inatua mara ngapi njiani. Kilomita zitafuata.