Mjukuu hatakumbuka, ila siku haipotei

Likizo ya Juni inapokaribia, katika nyumba nyingi za Ilembo, mjini Mpanda, huanza mazungumzo ya safari: nani aende kwa nani, na watoto wapelekwe wapi wakabadili hewa. Anayeachwa nyuma mara nyingi ni mdogo wao wote. Bibi akisema anataka kumchukua na yule wa miaka mitatu akaone viboko Sitalike, jibu huja haraka: mama, huyo hatakumbuka kitu, ni kupoteza nauli, ngoja afike hata darasa la pili. Hoja hiyo si ya kijinga. Nusu yake ya kwanza ni kweli kwa sehemu kubwa. Kasoro imo katika nusu ya pili. Ushahidi uliokusanywa katika miongo ya karibuni unaonyesha kwamba mtoto mdogo atasahau sehemu kubwa ya siku hiyo, na bado siku hiyo itakuwa imemfanyia kazi, ilimradi awepo mtu mzima wa kuzungumza naye wakati wa matembezi na baada ya kurudi. Na kwa mkoa wa Katavi, kuliko mikoa mingi, mtu huyo ni bibi.

Tuanze na kusahau kwenyewe. Mtu mzima akiulizwa kumbukumbu yake ya kwanza kabisa, kwa kawaida hutaja jambo la alipokuwa na miaka mitatu au minne. Nyuma ya hapo ni giza. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtoto mdogo hana uwezo wa kuweka kumbukumbu. Sivyo. Patricia Bauer na Marina Larkina wa Chuo Kikuu cha Emory nchini Marekani walirekodi watoto 83 wa miaka mitatu wakizungumza na mama zao kuhusu mambo yaliyowapata karibuni, yakiwemo matembezi ya kwenda kuona wanyama na sherehe za kuzaliwa, kisha wakawahoji tena baada ya miaka kupita. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, watoto waliohojiwa wakiwa na miaka mitano hadi saba walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio yale. Waliohojiwa wakiwa na minane au tisa walikumbuka chini ya asilimia 40. Maana yake kumbukumbu huingia, hukaa miaka kadhaa, halafu hufutika. Mwaka huohuo watafiti wa Toronto, miongoni mwao Paul Frankland na Sheena Josselyn, walieleza katika jarida la Science chanzo kimoja cha kufutika huko. Ndani ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, seli za neva huzaliwa kwa wingi sana utotoni, nazo zikijiunga na seli za awali huvuruga miunganisho iliyokuwapo. Walipopunguza kuzaliwa kwa seli hizo katika panya wachanga, panya wale walisahau kidogo. Walipokuzidisha katika panya wazima, wakasahau zaidi. Hayo ni majaribio ya panya na hayajafunga mjadala kuhusu binadamu. Hata hivyo yanatuonyesha upande mwingine wa jambo: huenda mtoto anasahau kwa sababu ubongo wake uko katikati ya ujenzi.

Mwenye hoja yake hatanyamaza hapo. Kama inafutika, atasema, basi hiyo si ndiyo hasara yenyewe? Ingekuwa hasara kama faida yote ya siku ingekaa katika kumbukumbu ya tukio. Lakini hakuna anayekumbuka siku aliyojifunza neno "mto", na neno tunalo. Chukua Mto Katuma pale Sitalike mwezi wa Agosti, kilomita zisizofika 40 kutoka Mpanda mjini, maji yakiwa yamepungua na viboko wamesongamana kwenye madimbwi. Mmoja anazama. Mtoto anauliza ameenda wapi. Bibi anamwambia, haya, tuhesabu hadi atoke. Kiboko mkubwa anaweza kukaa chini dakika tano hivi, kwa hiyo hesabu inapotea njiani, inaanzwa upya, inapotea tena, mpaka masikio mawili yanachomoza, yanatikisika na kurusha maji, na pua zinafunguka kwa mshindo. Hapo mtoto amefanya mazoezi ya kusubiri na kuhesabu, amepata neno "kuzama" na neno "kuibuka" akiona kinachotajwa, na amehakikishiwa kwamba akiuliza anajibiwa. Akiuliza mbona mgongo wa yule pale ni mwekundu, ajibiwe ukweli: si damu, ni majimaji yanayotoka kwenye ngozi ya kiboko na kuikinga na jua. Kuuliza na kujibiwa kwa zamu namna hiyo ndiko wataalamu wanakoita malezi yenye mwitikio, na ni moja ya nguzo tano za mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, sambamba na afya bora, lishe, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa nchini mwaka 2021, imesimama juu ya nguzo hizohizo. Mazungumzo yamewekwa safu moja na chakula na chanjo, jambo ambalo bado halijaingia sawasawa katika bajeti za familia zetu.

Mazungumzo hayo huamua pia ni kiasi gani cha siku kitakachobaki kichwani. Katika utafiti wa Emory, mama waliomwachia mtoto aongoze simulizi, hata alipotoka nje ya mada, ndio ambao watoto wao walikumbuka zaidi baadaye. Huko New Zealand, utafiti wa Shelley MacDonald na wenzake uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba watu wazima wa Kimaori hukumbuka mambo ya tangu wakiwa na miaka miwili na miezi minane hivi kwa wastani, ilhali wenzao wenye asili ya Ulaya huanzia miaka mitatu na nusu. Watafiti walilihusisha hilo na utamaduni wa Wamaori wa kusimulia sana yaliyopita. Katavi nayo si maskini wa jambo hilo. Jina lenyewe la Hifadhi ya Taifa ya Katavi linatokana na Katabi, mzimu wa Wabende, ambao husimuliwa kuwa makao yake ni mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakiacha sadaka hapo. Mtoto aliyesimuliwa habari za mkwaju huo ana mahali pa kupachika kila anachokiona siku ya safari, na mwenye kumsimulia ni nadra kuwa baba yake.

Tumefika kwa bibi. Ushahidi wenye nguvu kuhusu kazi yake katika afya ya mjukuu umetoka hapahapa Tanzania. Kuanzia miaka ya 1980, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walifanya utafiti miongoni mwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wakipima muda ambao kila mtu hutumia kutafuta chakula na uzito wa watoto. Waligundua kwamba mama akishajifungua mtoto mwingine, ukuaji wa yule aliyeachishwa ziwa huacha kufuata bidii ya mama na kufuata bidii ya bibi, mwanamke aliyekwisha pita umri wa kuzaa lakini bado anachimba mizizi ya porini kwa saa nyingi. Kutokana na hayo walijenga hoja kwamba binadamu wa kike huishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu msaada wake kwa wajukuu uliwaokoa wengi. Wapo wanaobishana nao kuhusu asili hiyo ya kale, lakini kuhusu faida yenyewe ushahidi umeongezeka: Gambia, kwa mfano, Rebecca Sear na wenzake walikuta kwamba watoto waliokuwa na bibi mzaa mama walikuwa na lishe nzuri zaidi na walinusurika kwa wingi zaidi. Katika Katavi jambo hili halibaki kuwa nadharia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani humo walikuwa wamezaa au wana mimba, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Mama akiwa na miaka 17, malezi huangukia kwa bibi mwenye miaka 40 na kitu, ambaye bado analima na kuuza sokoni. Kumwambia huyu kwamba matembezi na mjukuu ni anasa ni kutojua nani analea mtoto.

Lipo pingamizi la aina nyingine: matembezi gani hayo, wakati Mpanda haina bustani yenye mashine za kuzungusha na mabwawa ya kuteleza kama ya watoto wa Dar es Salaam? Tuangalie mashine hizo humfanyia mtoto nini. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji na vinyweleo vidogo vinavyohisi yanapotembea. Mwili ukizunguka kisha ukasimama ghafla, majimaji huendelea kwenda, mithili ya maji ya ndoo iliyozungushwa, na ubongo huambiwa na sikio kwamba tunazunguka huku macho yakisema tumesimama. Kwa mtoto, kusuluhisha ugomvi huo tena na tena ni mazoezi ya mizani. Bembea ya kamba na tairi chini ya mwembe inayaamsha masikio hayohayo bila tiketi. Kinachohitajika ni kwamba kamba iwe imekaguliwa na chini pawe na mchanga badala ya saruji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu na minne ajishughulishe kimwili angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho, na skrini isizidi saa moja. Halikutaja mashine. Bibi mwenyewe hapaswi kupanda: uzee hupunguza uwezo wa sikio kuhisi mwendo, na chembe ndogo za chokaa zilizomo humo huweza kung'oka na kumletea kizunguzungu kikali. Kazi yake ni kusukuma.

Gharama ni kikwazo cha kweli, ingawa mara nyingi hutajwa kwa bei ya mtalii wa kigeni. Mtanzania hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno kulinganisha na mgeni, na mtoto wa chini ya miaka mitano haingii kwa kiingilio katika hifadhi za taifa. Ghali zaidi ni usafiri, ndiyo maana safari ya kikundi cha kikoba au cha kanisa hufaa kuliko ya nyumba moja. Hatari nazo zipo. Kiboko ana mbio kuliko mtu, hivyo atazamwe kwa mbali na kamwe watu wasikae kati yake na maji. Ndorobo wa Katavi ni wengi, wanauma mchana, wanapenyeza hata nguo nyepesi, na wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mtoto avalishwe kaki au rangi ya udongo, nguo nzito ya mikono mirefu. Wachache tu kati ya ndorobo hubeba vimelea vya malale, lakini mtoto akipata homa katika wiki chache baada ya safari, mhudumu wa afya aambiwe kwamba aliumwa na ndorobo, maana kipimo cha haraka cha malaria hakitaonyesha malale.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote, na halitoki kwa mwenye kubania nauli. Kama kumbukumbu ya mtoto inajengwa na simulizi za bibi, tutajuaje kwamba anachokumbuka kilitokea? Hatutajua kwa hakika. Mwaka 2002 Kathryn Braun, Rhiannon Ellis na Elizabeth Loftus waliwaonyesha watu wazima tangazo bandia la Disneyland, bustani ya michezo ya kampuni ya Disney, lenye picha ya sungura Bugs Bunny, kisha wakawauliza kuhusu ziara zao za utotoni. Baadhi walisema walimwona sungura huyo na kumshika mkono. Haiwezekani, kwa kuwa Bugs Bunny ni mali ya kampuni pinzani na hakanyagi Disneyland. Ikiwa mtu mzima anapandikizwa sungura, mtoto wa miaka mitatu atapandikizwa hata simba. Kwa hiyo utaratibu una umuhimu. Jioni ya siku ileile, na tena baada ya siku chache, bibi aulize swali lililo wazi, "tuliona nini kule?", kisha anyamaze. Asianze na "unamkumbuka yule kiboko aliyefungua mdomo?", kwa sababu hapo amekwisha jibu mwenyewe. Mtoto akitaja ndizi alizokula njiani badala ya viboko, zifuatwe hizohizo ndizi: nani alizimenya, zilinunuliwa wapi, nani alikula nyingi. Picha za simu zitolewe mwisho, baada ya mtoto kusema yake. Akishikilia kwamba kiboko alikuwa wa kijani aachwe amalize, ndipo waangalie pamoja.