Anayehifadhi si lazima awe kasuku

Kijana wa Likoni au Malindi akipata nafasi Chuo cha Ualimu Kagumo, kule Nyeri, huenda na vitu viwili: sweta ya kukopa na sifa ya madrasa. Baridi ya mlima ataizoea. Ile sifa ndiyo nzito, kwani aliyelelewa kwa kuhifadhi Qur'ani hudhaniwa ni kasuku tu: anakariri, haelewi.

Utafiti wa elimu hausemi hivyo. Mwaka 1976 Ference Marton na Roger Säljö wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, waliwapa wanafunzi makala wasome, kisha wakawauliza wameelewa nini na wamesomaje. Wengine walikuwa wakiwinda maneno waliyodhani yataulizwa. Wengine walitafuta mwandishi amekusudia nini. Ya kwanza tuiite kusoma juujuu, ya pili kusoma kwa kina.

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Hizo si aina mbili za wanafunzi. Ni njia, na mwanafunzi yule yule huweza kubadilisha kulingana na kazi aliyopewa. Mtihani ukiuliza majina na tarehe tu, hata mwenye akili pevu atasoma juujuu. Noel Entwistle wa Edinburgh akaeleza na njia ya tatu, ya anayepiga hesabu ya alama. Huyo sote twamjua. Ndiye mwenye rundo la karatasi za KCSE za miaka iliyopita.

Sasa kuhifadhi. David Watkins na John Biggs, waliokuwa wakifundisha Hong Kong, walihariri kitabu mwaka 1996 juu ya fumbo la wanafunzi wa Kichina: wanarudia-rudia masomo, wageni wakiwaona ni wa juujuu, na bado wanafanya vyema. Jibu ni kuwa kuna kurudia bila kujali maana, na kuna kurudia ili maana ikae. Hiyo ya pili maalimu yeyote wa chuoni ataitambua: lafudhi kwanza, tafsiri baadaye.

Ila tuseme kweli, kwa watoto wetu wengi hiyo "baadaye" haifiki. Mtoto ana juzuu kadhaa kifuani na hajui aya moja yasema nini. Hapo anayemshuku hana kosa kubwa.

Biggs alimtaka mwalimu autazame mtihani wake mwenyewe: unapima nini hasa? Kijana wetu akipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule za huko Nyeri, aanzie hapo. Swali moja la "kwa nini" kwenye jaribio la Jumatatu huweza kubadilisha namna darasa zima linavyosoma Jumapili usiku.